Pilipili za Kumfukuza Tembo

Vijana wangu, walimu wa shule ya udereva, siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani, halafu mkasema, "Mwalimu Kabula, tuandikie chochote cha kazini." Saa ya ukutani kwa mtu anayestaafu sijui mlimaanisha nini. Sasa nina muda mwingi, na pia nina pa kuutazama ukipita. Basi ninaandika. Habari za vyeo sitawapa, kwa kuwa shule yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye shule, na sisi wengine. Nitawapa habari za woga, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote. Gia na klachi hata mbuzi anaweza kufundishwa. Miguu anayo, tena inazidi pedali.

Mimi ni zao la shule ya jioni na silifichi hilo. Mchana nilikuwa nauza chai na vitumbua kwenye uwanja wa mazoezi ya udereva pale Kilosa, jioni nakaa dawati moja na watoto wa rika la mwanangu nikisoma sekondari. Walikuwa wananipa shikamoo kabla ya kuniomba rula. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba moyo hauwezi kupiga mbio bila mwisho. Ukiuacha, usiuchochee, unachoka wenyewe na kurudi kwenye mwendo wake. Wenzangu waliliandika hilo kwa ajili ya mtihani. Mimi niliwakumbuka wanafunzi wa udereva waliokuwa wakimwaga chai yangu kwa kutetemeka, chai ambayo mtu angeweza kuiogea kwa jinsi ilivyomwagika.

Aliyenitoa kwenye vitumbua ni Mzee Chombo, mwalimu mkuu wa udereva wakati ule. Kabla ya hapo alikuwa akiendesha malori ya mkonge huko Kimamba. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akikaa kwenye lile gari dogo la shule, magoti yake ndiyo yaliyokuwa yanasikiliza redio. Aliniona nikimtuliza binti mmoja aliyegoma kushika usukani. Nilikuwa nimempa kitumbua na kumuuliza habari za mama yake. Mzee akaniita.

"Kabula, nani kakufundisha hivyo?"

"Hakuna, mzee. Nilitaka anilipe kikombe alichovunja, na mtu anayelia halipi."

Akacheka mpaka kofia ikadondoka. Wiki iliyofuata nikaanza kujifunza ualimu, na vitumbua nikamwachia shemeji yangu, ambaye anavifanya vidogo mpaka leo.

Siku ya kwanza hakunifundisha kuendesha wala kufundisha. Alinikalisha kiti cha mwalimu, kile chenye breki ya pili, akaniambia niitazame. "Hii ni ya kuokoa maisha," alisema. "Ukiitumia kumwokoa mtu na woga wake, umemharibu. Ataamini mguu wako, miguu yake hataiamini kamwe." Akanionyesha namna ya kukaa: kisigino sakafuni, vidole vimelala, uso unatazama mbele kama abiria aliyekwisha lipa. Mwanafunzi mwenye hofu anausikia mguu wa mwalimu ukisogea kuliko anavyosikia honi ya lori. Ukishtuka wewe, yeye kesha kufa.

Jambo la pili alilonipa ni maneno, na hayo ninawaachia ninyi kwa sababu kofia yake niliiomba kwa wanawe wakaninyima. Alisema, "Mtu haogopi gari. Anaogopa siku. Kuna siku moja ilimfundisha, na gari linamkumbusha siku hiyo. Mtoto mchanga haogopi reli wala daraja wala askari wa barabarani. Hayo yote anafundishwa."

"Kwa hiyo tunamfundisha asahau?"

"Hawezi kusahau. Unamfundisha jambo jingine, unaliweka juu ya lile la kwanza, kama anayekandika udongo kwenye nyufa. Sasa usiwe mvivu wa kukandika."

Mwanafunzi wetu mgumu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Agnes, mtoto wa milimani, mtu wa kanisani na mwenye adabu mpaka akikukanyaga wewe ndiye unayeomba radhi. Gari lake liliwahi kuzimika juu ya reli, huku treni ya mizigo inapiga honi kwa mbali. Lilisukumwa, likatoka, hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo akifika mahali barabara inapokata reli anashuka, anavuka kwa miguu, na mumewe analivusha gari. Mume alikuwa mwema sana. Wema wake ndio ulikuwa unaulisha ule woga, maana kila akivushiwa, Mwalimu Agnes alikuwa anapata uthibitisho kwamba peke yake angekufa.

Mimi kwa usomi wangu wa jioni nilianza kumweleza ratiba ya treni. Mzee Chombo akanivuta pembeni. "Kichwa chake kinajua treni haiji. Miguu ndiyo haijapata habari. Ongea na miguu."

Basi tukaongea na miguu. Tulianza kwa kukaa mbali, tunatafuna mahindi ya kuchoma, tunaitazama reli kama watu wanaoangalia mpira. Tukasogea. Tukakaa ndani ya gari lililozimwa, karibu na reli lakini pembeni. Treni ikipita, Mwalimu Agnes anakuwa wa kijivu, anashika mlango.

"Tuondoke, Mwalimu Kabula. Nakuomba kwa jina la Bwana."

"Tutaondoka, mwalimu. Ngoja kwanza moyo urudi."

"Haurudi."

"Basi tutalala hapa. Mahindi yapo."

Hiyo ndiyo sheria, vijana, na ndiyo mnayoivunja kwa huruma. Usimwondoe mtu pale hofu ilipo kileleni. Ukiondoka wakati huo, amejifunza kwamba kuondoka ndiko kulikomponya. Ukikaa, moyo unachoka, anajitazama, anajikuta mzima na mahindi mkononi. Ila asilazimishwe kwa nguvu. Anapanda ngazi kwa mguu wake mwenyewe, kidato kimoja, na kidato kinachofuata mnakubaliana kabla hamjawasha gari.

Akavuka. Akavuka tena. Akawa anavuka hata pasipo na safari. Tukamfanyia sherehe ya soda. Muda si mrefu akaenda kumtembelea dada yake huko Munisagara, akapiga simu: "Mwalimu, imerudi. Nimesimama hapa relini kama ile nguzo ya chumvi ya Biblia." Mimi nikaona kazi yote imekwenda na maji. Mzee Chombo hata hakuacha kutafuna. "Amekandika Kilosa," alisema. "Munisagara bado ina nyufa." Tukamfuata, tukafanya vilevile huko, safari hii kwa haraka zaidi, kisha mahali pengine, na pengine, mpaka miguu yake ikaelewa kwamba reli zote ni reli.

Mzee alipopumzika, kazi ya wagumu ikawa yangu. Shule ikafungua tawi Mikumi, nikawa siku nyingine niko huku, siku nyingine kule. Na hapo ndipo ninapofika kwa Jumanne, ambaye mnanidai hadithi yake kila mkinywa chai, na ambaye amenipa ruhusa kuiandika kwa sharti moja: nisimpunguzie tembo ukubwa.

Jumanne alikuja ofisini kwetu Kilosa mchana wa jua kali, bwana mmoja wa makamo, kifua kipana, kofia ameigeuza nyuma. Akanipa shikamoo, akakaa, akaanza kusoma alama za barabarani ukutani kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, nina rafiki yangu. Ana tatizo."

"Pole yake. Rafiki yako anaendesha nini?"

"Kenta."

"Kama ile uliyoegesha hapo nje?"

"Kama ile ile," akasema, na akavua kofia.

Jumanne anakaa Mikumi, anapeleka nyanya Morogoro mjini. Njia yake ni barabara kuu inayokata katikati ya mbuga: Mikumi, mbugani, Doma, kisha Morogoro. Jioni moja akirudi, tembo alitokea kushoto akasimama barabarani. Jumanne akafunga breki karibu mno. Tembo akaja, akaweka mkonga juu ya boneti, akaliegemea gari. Kwa maelezo ya Jumanne, tembo yule alikuwa na ukubwa wa ghala la serikali, na alilitikisa gari mpaka meno yake, ya Jumanne, yakabadilishana nafasi. Halafu akaenda zake. Boneti ilibonyea. Mtu hakuumia.

Kesho yake alipakia, akafika kwenye kibao cha kuingilia mbugani, mikono ikalowa, macho yakaingia giza. Akageuza gari. Na badala ya kurudi nyumbani akafanya jambo ambalo dereva wa Mikumi pekee ndiye angeweza kulibuni: akashika njia ya kijiji cha Ulaya, akaja Kilosa, akapanda mpaka Dumila, akapita Magole, akaingia Morogoro kwa mlango wa nyuma. Ameizunguka mbuga nzima. Na tangu siku hiyo akawa anazunguka hivyo, kwenda na kurudi. Nyanya zikipakiwa zikiwa nyanya, zinashushwa zikiwa rojo.

"Na bosi wako anasemaje?"

"Ananivumilia kwa sababu ni kiangazi. Kasema masika yakianza, njia ya Kilosa ikiwa uji, nipite mbugani au nimrudishie ufunguo."

"Na mkeo?"

Hapo akatazama chini. Mkewe, Mwanaidi, alikuwa ameambiwa na watu wema kwamba gari la mumewe linaonekana Kilosa kila wiki. Dereva wa Mikumi–Morogoro anatafuta nini Kilosa? Jibu mtaa mzima ulikuwa nalo: nyumba ndogo. Na kijiweni, madereva wenzake walikuwa wanampigia makofi mgongoni.

"Mwambie mkeo ukweli," nikasema.

"Mwalimu, mimi dereva wa malori niseme namwogopa mnyama? Afadhali niitwe mhuni kuliko niitwe mwoga. Mhuni anaheshimika."

Nikamwuliza kabila lake, akasema Mzigua. Nikashukuru Mungu. Mimi asili yangu ni Mnyamwezi, babu yangu aliletwa Kimamba na mkonge, na sisi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kumwambia mambo ambayo daktari hana. "Mtani wangu," nikamwambia, "wazee wangu walipita nchi hii kwa miguu, katikati ya tembo, wamebeba pembe za ndugu za hao hao tembo kichwani. Wewe una bodi ya chuma, injini na redio."

"Ndiyo maana wananivamia mimi," akajibu. "Wanawatafuta ninyi, wamepata gari lisilo sahihi."

Mtu anayeweza kutania hivyo huku bado anaizunguka mbuga, huyo anafundishika.

Tukapanga ngazi. Mle mbugani huwezi kuegesha ovyo na kushuka, kwa hiyo ule ujanja wa kukaa na kusubiri ulihitaji maarifa mengine. Kidato cha kwanza kilikuwa kunisimulia ile siku, yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha kurudia. Mara ya kwanza alilowa shati. Baada ya kurudia na kurudia, alipiga mwayo tembo akiwa bado juu ya boneti, nikajua tunaweza kusogea. Kidato cha pili, tukaegesha upande wa Mikumi, kabla ya kibao, tukaitazama barabara inavyoingia porini. Kidato cha tatu, naendesha mimi, yeye abiria, asubuhi, mpaka Doma. Huko tunakunywa chai, tunarudi. Alipita kilomita zote hizo amefumba macho. Nikamwambia safari ya macho yaliyofumbwa haihesabiki, turudie. Akasema Wanyamwezi hawana huruma. Tukarudia.

Kisha akashika usukani mwenyewe, asubuhi, mimi pembeni. Akapita. Siku nyingine akapita tena, tukawaona twiga, tukawaona nyati, hata tembo wawili kwa mbali, mikono yake ikalowa na kukauka. Mimi nilikuwa nimekwisha kumpongeza moyoni. Kitu kimoja tu kilinitatiza: kila nikipanda kwenye kenta ile, nilikuwa napiga chafya. Si chafya za kawaida. Nilikuwa napiga chafya ambazo Doma walizisikia kabla hatujafika.

Siku moja nikainama nikachungulia chini ya kiti. Gunia. Limejaa pilipili kichaa, kavu.

"Jumanne, hii ni nini?"

"Pilipili."

"Naona kuwa ni pilipili."

Akakohoa. "Mwalimu, si unajua kule Ruhembe na vijijini, watu wanafukiza pilipili mashambani, tembo hasogei. Sasa nikafikiri, gari nalo ni kama shamba linalotembea."

Nilitaka kucheka, lakini nikajizuia, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa hatari kubwa kuliko tembo. Kila alipopita salama, kichwani mwake iliyofaulu ni pilipili. Yeye mwenyewe alikuwa bado hajapita hata mara moja. Siku gunia lingesahaulika nyumbani, tungemkuta Dumila.

"Na hii ulianza nayo lini?"

"Tangu siku ya kwanza nilipoendesha mimi."

"Basi aliyepata leseni ya kupita mbugani ni pilipili. Tumpigie picha."

Akaguna. Hakulitoa siku ile, nami sikumnyang'anya. Kitu kama hicho ni gongo la kutembelea. Ukiling'oa ghafla, mtu anaanguka. Linatolewa mwishoni, lakini linatolewa.

Kabla hatujafika huko, Mwanaidi alinifikia mimi. Nilikuwa kwenye tawi letu la Mikumi, nafuta vumbi koni, akaingia mwanamke amejifunga kanga kiunoni kwa ule ufungaji ambao hauji kwa amani. Akanitazama mvi zangu, akasita. Adabu ya kwetu mnaijua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Nimekuja kugombana."

"Kaa basi, ugombane umekaa."

Akakaa. Ameambiwa mumewe anaonekana na mwanamke ndani ya kenta, asubuhi asubuhi, wanaelekea Doma, wanakunywa chai, wanarudi. Kwanza Kilosa, sasa Doma. Alipofika kwenye neno "mwanamke" akanitazama tena kwa makini, na nikaona hasira inapungua na huzuni inaongezeka. Nadhani ilimuuma zaidi kufikiri ameachwa kwa ajili ya bibi mwenye miwani.

"Mama, niambie tu. Unamfanyia nini mume wangu?"

Vijana, siri ya mwanafunzi ni ya mwanafunzi. "Namfundisha," nikasema. "Anachojifunza atakwambia yeye. Nipe mpaka jioni, mwanangu. Asipokwambia, njoo ugombane, nitakupikia na chai."

Akafungua kanga, akaifunga upya kwa upole kidogo. "Masika yanakuja, mama. Bosi kasema atamnyang'anya gari. Nina watoto, nina mume anayenificha jambo, silali. Kama kuna mwanamke, nijue. Kama hakuna, nijue."

Nilimpigia Jumanne. Nikamwambia kidato kinachofuata hakiko mbugani, kiko sebuleni kwake. Akasema afadhali tembo. Nikamwambia ndiyo maana kiko juu kwenye ngazi.

Alimwambia. Sikuwepo, lakini Mwanaidi mwenyewe alinisimulia kesho yake, akicheka na kulia kwa zamu. "Mama, nimegombana na mwanamke wa Kilosa ambaye hayupo. Nimempa hadi jina, Tatu. Najua mpaka nguo anazovaa. Kumbe Tatu ni tembo." Alipomaliza kujipangusa, akasema, "Basi sasa nitapanda naye kila safari. Nikiwa pembeni hataogopa."

"Hapana, mwanangu. Ukipanda utakuwa pilipili."

Ikabidi nimweleze habari za gunia, na akalitoa yeye kwa mkono wake, akalipeleka jikoni. Jumanne alilisindikiza kwa macho kama anayeaga ndugu stendi. Tukapita bila pilipili asubuhi. Tukapita mchana. Tukapita jioni, wakati ule ule wa tembo wake, mimi kando nikiwa bubu. Na nilipoona anaanza kunitazama mimi kila kichaka kikitikisika, nikajua gunia la mwisho ni mimi. Nikashuka.

Safari ya peke yake ilikuwa kurudi kutoka Morogoro jioni. Wingu la masika lilikuwa tayari limekaa juu ya milima. Mimi na Mwanaidi tulikaa kwenye kibanda cha chipsi pale Mikumi, mahali unapoona pande zote mbili: gari linalotoka mbugani, na gari linalotoka njia ya Kilosa. Hatukuwa na haja ya kumwuliza mtu. Upande ambao kenta ingetokea ndio ungetuambia.

Muda aliotakiwa kufika ukapita. Mwanaidi akapiga simu. Haipatikani.

"Kazunguka," akasema.

"Mle mbugani mtandao unapotea."

"Na Ulaya mtandao unapotea vilevile, mama."

Chipsi zikapoa. Magari yakaja kutoka mbugani, basi, lori la mafuta, basi tena, na kila moja Mwanaidi alikuwa ananyanyuka nusu na kukaa. Njia ya Kilosa ikatoa kenta, mwili wangu wote ukaanguka ndani ya viatu. Ilikuwa ya mchele, si yetu. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumfariji nilipoona boneti iliyobonyea, inakuja taratibu, taa zimewashwa, kutoka mbugani.

Mwanaidi hakukimbia kumkumbatia. Alifungua mlango wa pili, akainama, akakagua chini ya kiti. Hakukuwa na kitu. Ndipo akapanda, akakaa, akashika kichwa.

"Umechelewa kwa nini?"

"Walikuwa wanavuka," Jumanne akasema. "Ukoo mzima, na wajukuu. Nikasimama mbali, nikazima redio, nikawaachia nafasi."

"Ukaogopa?"

"Nilitetemeka mpaka kioo cha pembeni kikajikunja chenyewe."

"Halafu?" nikamwuliza mimi.

"Halafu, mtani, nikachoka kutetemeka. Nao walikuwa bado wanavuka. Ikabidi nianze kuwahesabu watoto."

Angalieni hapo. Hatukumfundisha kumdharau tembo. Anayemdharau tembo anahitaji jeneza, hahitaji mwalimu. Alisimama mbali, akasubiri, kama dereva yeyote mwenye akili. Kilichopungua ni kile cha ziada, kile kilichokuwa kinampeleka Dumila.

Masika yakaanza wiki hiyo hiyo, njia ya Kilosa ikawa uji wenye ndizi, na bosi wake akapokea nyanya zenye umbo la nyanya. Ufunguo ukabaki mfukoni mwa Jumanne. Mimi nilidhani tumemaliza. Yeye ndiye aliyesema bado kuna kidato, kijiwe cha madereva, na hicho alikwenda bila mimi kumtuma. Akawaambia wote: hakukuwa na mwanamke Kilosa, kulikuwa na tembo mbugani. Mnawajua madereva. Habari za Tatu nazo zikawafikia, basi walimwita Bwana Tatu, walimwimbia, walimwonyesha picha ya tembo kwenye simu na kujificha nyuma ya viti. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Side, dereva wa fuso la Iringa, mtu mwenye sauti ya kuwasha injini bila ufunguo. Wiki nzima, kila alipomwona Jumanne, alipiga magoti na kutengeneza mkonga kwa mkono.

Kisha, siku chache kabla ya kustaafu kwangu, Side alikuja ofisini. Akanipa shikamoo kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Akakaa. Akaanza kusoma alama za barabarani ukutani.

"Mwalimu, nina rafiki yangu. Anapata shida na zile kona za mlima Kitonga, akiwa anashuka."

Nikamwambia mimi naondoka, ila ninaye mtu anayeijua kazi hii kwa miguu yake, si kwa vitabu. Nikampeleka kwa Jumanne.

Jumanne hakumwimbia. Alimwagizia chai, akamwambia asimulie siku yenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kisha arudie. Sasa wanakwenda wote Kitonga siku za mapumziko, Side kwenye usukani, Jumanne pembeni, kisigino sakafuni. Juzi amenipigia simu kuniomba ushauri: Side anashuka vizuri, lakini hawezi kuingia kona ya kwanza bila kutafuna bigijii, tena upande wa kushoto.

Nikamwambia amwache atafune kwanza. Bigijii tutaitoa mwishoni.